“Nifunike,” Alisema Komando

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu wa miaka 11 alinijia na simu mkononi, anacheka mpaka maneno hayatoki. Kwenye simu kulikuwa na kipande cha filamu ya vita, dakika tatu hivi, ambacho programu fulani ilikuwa imekitafsiri kwa Kiswahili yenyewe, bila mtu. Midomo ya waigizaji ilikuwa imerekebishwa ifuate maneno mapya. Sauti nazo zilifanana na zile za mwanzo, mwenye sauti nzito alibaki nayo na mwenye nyembamba vilevile. Komando mmoja, jasho linamtiririka, akamgeukia mwenzake huku risasi zinavuma juu ya vichwa vyao, akasema kwa utulivu wa msomaji wa taarifa ya habari: “Nifunike.”

Mpwa wangu alitaka kujua kama yule komando anasikia baridi.

Hatujamaliza kucheka, kamanda akainua mkono na kuwaamuru askari wake: “Shikilieni moto wenu!” Hapo hata dada yangu aliyekuwa jikoni akachungulia kuuliza kuna nini. Kwa Kiingereza walikuwa wamesema “cover me” na “hold your fire”, yaani nilinde kwa risasi, na msipige.

Nilicheka nao, kisha usiku nikabaki nawaza kwa nini kosa lile limenikaa moyoni. Kiswahili nchini Uganda kina sifa nyingi mbaya, nyingine kimezistahili, lakini pana mahali pamoja ambapo hakijawahi kupungukiwa neno, napo ni kwenye bunduki. Tangu King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, ilipoundwa mwaka 1902, askari wa huku wameamriwa kwa Kiswahili, kiwe kizuri kiwe kibovu. Mwambie askari yeyote aliyewahi kulala kwenye kambi ya Mbuya au Bombo kwamba unataka awapigie adui risasi ili wewe upate kuvuka uwanja, na neno la kutumia atakupa kabla hujamaliza kueleza. Mashine imekwenda kujikwaa palepale ambapo Kiswahili chetu kina misuli. Mvuvi wa Masese amezama kwenye beseni.

Tuseme kosa hilo litasahihishwa. Mwaka ujao, au hata mwezi ujao, komando atasema “nilinde, navuka” na mpwa wangu atakosa cha kucheka. Sina shaka na hilo. Mashaka yangu ni kwamba hata mashine ikishapata kila neno, bado itakuwa haijafanya ile kazi ambayo sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaiita kutafsiri filamu.

Mimi nimekulia Walukuba, Jinja. Ni mtaa wa nyumba za safu uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, zama zile bwawa la Owen Falls linafunguliwa mwaka 1954 na viwanda vinafuata umeme mmoja baada ya mwingine. Walikuja Wajaluo, Wateso, Wasamia, Waacholi, Walugbara, Wagisu. Huwezi kujifunza lugha ya jirani wa kulia, wa kushoto na wa ng'ambo ya uchochoro kwa mpigo mmoja, kwa hiyo wote wakakutana kwenye Kiswahili. Si cha Unguja, msije mkadanganyika. Ngeli nyingi zilishukia njiani: tulisema “kitu yangu” na “watoto yako”, na mwalimu wa kutoka Mombasa angetuchapa sote mtaa mzima. Lakini tuligombana nacho, tukatongoza nacho, tukazikana nacho.

Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya muuza mkaa. Mabati matupu, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa ambazo zilitupasua kaptula, blanketi la kijivu dirishani, na mlangoni ubao wenye majina ya filamu kwa chaki, ambao tahajia yake ilikuwa burudani nyingine inayojitegemea. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Aliyekosa alisimama nje, akabandika sikio kwenye tundu la msumari. Na hili nataka msomaji alishike, kwa sababu nitalirudia: aliyekuwa nje haoni kitu, na bado kesho yake alikuwa anaweza kuisimulia filamu ile kwa wenzake darasani, tena vizuri kuliko sisi tuliolipa.

Waganda nao huita mahali hapo ekibanda, wingi ebibanda, na filamu iliyotiwa sauti ya msimulizi huiita enjogerere, yaani iliyosemewa. Msimulizi mwenyewe ni VJ. Herufi hizo zimefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yanayomfanya aonekane mchekeshaji wa video, jina ambalo kwa maoni yangu linampunja. Wapo waliokuwa maarufu nchi nzima, kama VJ Jingo, ambaye watu waliuliza kama filamu ni yake kabla ya kuuliza inahusu nini. Wetu wa Walukuba hakuwa na umaarufu wowote. Mchana alikuwa anaziba pancha za baiskeli, jioni anashika maiki.

Nakumbuka jioni moja ya filamu ya kung fu. Mzee mwenye ndevu nyeupe ameketi juu ya mlima, anaongea na kijana kwa dakika nzima. Kichina kitupu, na maandishi ya Kiingereza chini yanapita mbio, mtoto wa darasa la nne hawezi kuyakimbiza. VJ akateremsha sauti ya filamu, akasafisha koo.

“Huyu mzee alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Mkubwa wake akamfukuza bila hata nauli. Sasa amepanda mlimani, hataki kuona mtu. Kijana anamwambia, mzee, nifundishe kupigana. Mzee anasema, kupigana utajua, kwanza kachote maji. Muone ile ndoo. Nasema muone vizuri ile ndoo.”

Tukaitazama ndoo. Baada ya nusu saa, kijana alipozingirwa na watu wanane, ndoo ndiyo iliyomtoa. Mpaka leo sijui mzee yule alisema nini hasa kwa Kichina. Nina hakika hakuwahi kuwa fundi wa mashine. Lakini ilikuwa miaka ambayo viwanda vya Jinja vimelala, na wanaume waliokaa mabenchi ya nyuma wengi wao walikuwa na hadithi ya namna hiyo. Nakumbuka ukimya uliowashika pale. Filamu ya Hong Kong ilikuwa imeingia Walukuba na kukaa nao kwenye benchi.

Kazi hii ina umri mrefu kuliko video. Zama za filamu bubu, Wajapani walikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kuwasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake. Watu walikata tiketi kwa kufuata jina la benshi. Filamu zenye sauti zilipoingia, mabenshi wakagoma mwaka 1932, na mgomo haukuwasaidia kitu. Mmoja wao alikuwa kaka yake Akira Kurosawa, yule aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Alijiua mwaka 1933. Naitaja habari hiyo kwa ajili ya wale wanaopenda kutuambia kwamba teknolojia haiondoi kazi ya mtu, huibadilisha tu.

Kwetu, kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika habari za safura, malaria na kuweka akiba posta, ukazitembeza kwa lori mpaka Uganda. Sauti ilikuwa kwenye santuri, na maelezo yalirekodiwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili na Kiganda zikiwemo. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali, na mtu mwenye kipaza sauti akieleza kinachopita. Wakubwa wa miradi hiyo walimhesabu mkalimani kama bomba la maji: unamimina ujumbe huku, unatoka kule ukiwa vilevile. Mtu yeyote aliyewahi kukalimani kwenye baraza la kijiji anajua kwamba bomba la namna hiyo halijatengenezwa. Anayesimama kati ya wageni na majirani zake hawezi kujizuia kuwaambia majirani sehemu ipi wasikilize.

Programu ya mpwa wangu nayo ni bomba. Kwa kawaida mashine ya namna hii ina hatua tatu: husikiliza na kuandika kilichosemwa, hutafsiri yale maandishi, kisha hutoa sauti mpya ikiiga ya mwenyewe. Hiyo ya kurekebisha midomo ni nakshi tu. Ziangalie hatua hizo taratibu, utaona kwamba mlango wa kuingilia ni mmoja, nao ni maneno yaliyotamkwa. Ndoo haikutamka neno. Kwa mashine, ndoo haipo.

Kwa VJ mambo ni kinyume. Maneno ya mwigizaji ni sehemu ndogo ya kazi yake, na mara nyingi ndiyo sehemu anayoikosea. Anachokifanya ni kukaa kando yako na kukuonyesha: huyu usimwamini, yule ni shemeji wa polisi, hapa ni Marekani lakini mtaa huu ni kama Bwaise ya Kampala mvua ikinyesha. Huwapa watu majina ya nyumbani. Adui mkubwa kibandani kwetu aliitwa Landilodi, yaani mwenye nyumba, miaka yote, awe Mrusi, awe Mchina, awe roboti kutoka sayari nyingine. Na ndiyo maana mtoto wa tundu la msumari aliweza kuifuata filamu kwa sikio peke yake. Mchukue mtoto huyo leo, mfumbe macho, umwekee yale majadiliano yaliyotafsiriwa na mashine, hata yawe hayana kosa moja. Atakuambia aliwasikia watu wanagombana.

Ushahidi bora wa uzito wa sauti hiyo uko Wakaliga, Kampala, kwenye studio iliyojulikana duniani kwa jina la Wakaliwood. Mwenyewe, Isaac Nabwana, alikuwa akifyatua matofali; jina rasmi la kampuni yake, Ramon, amelitoa kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mwaka 2010 alitoa filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe na bunduki za vyuma chakavu. Watu wa ng'ambo walipoigundua kwenye YouTube, walichokiona kilikuwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, mwanzo mpaka mwisho, akishangilia, akitania, akimsifu shujaa. Nakala isiyo na sauti hiyo haipo tena, kwani ilifutwa kwenye kompyuta ili kupisha kazi nyingine. Kwa hiyo filamu ya Kiganda iliyosafiri mbali kuliko zote imebaki ulimwenguni ikiwa imesemewa, na huwezi kumwondoa msemaji ukabaki na filamu. Wapo waliolisikitikia jambo hilo. Mimi naona nakala iliyosalia ndiyo yenyewe.

Sitaki kuwapaka VJ mafuta. Dada yangu alikuwa anachukia kibanda, na alikuwa na haki. Mwanamke akipita tu kwenye skrini, VJ lazima amwongelee makalio, na wanaume watacheka, na msichana aliyekaa mbele atavuta kitambaa chake mpaka magotini. Mahali pagumu palirukwa. Mara nyingine filamu ilikuwa ya msiba, VJ akaigeuza kichekesho kwa sababu usiku ule watu walikuwa wamelewa. Kuna filamu moja niliyokuja kuiona nikiwa mkubwa, kwa lugha yake, nikagundua kwamba kwa miaka 15 nilikuwa namchukia mtu asiye na hatia. VJ alikuwa amechanganya ndugu wawili. Nilihisi kama nadaiwa kuomba radhi.

Na kuna mahali ambapo sitaki kabisa masihara ya kibandani. Septemba 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilipozuka Mubende, ikachukua mpaka Januari 2023 kutangazwa imekwisha, watu 55 wakiwa wamethibitishwa kufa. Siku zile tulipokea video za madaktari kwa Kiingereza na Kiganda, na kwa Kiswahili zikawa chache mno, ilhali nchi hii ina madereva wa malori, wanajeshi na wakimbizi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuelewana. Hapo ningeikumbatia mashine kwa mikono miwili. Siku 21 zitajwe kuwa siku 21. Dalili zitajwe kwa mpangilio. Asitokee mtu wa kumwita mgonjwa Landilodi. Ndivyo ilivyo pia kwa mhadhara wa fizikia, maelezo ya kufunga sola, au hotuba ya bajeti. Bomba lina kazi yake, nami nikiwa na kiu sitalidharau.

Tatizo ni kwamba hata bomba lenyewe limetengenezwa kwa maji ya kwao. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu ya kusikia na kuandika iitwayo Whisper, iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa 438,000 zilikuwa za Kiingereza, na saa 117,000 ziligawanywa kwa lugha nyingine 96. Zilizobaki ni sauti za lugha hizo nyingine zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili kimo kwenye orodha. Kiganda, ambacho mamilioni ya watu huotea ndoto, hakimo.

Kusema kweli wenzetu hapa hawakukaa kulalamika. Watu wa Makerere walichangisha mamia ya saa za sauti za Kiganda kwenye mradi wa Common Voice, na Sunbird AI ya hapahapa Kampala ikakusanya sentensi 25,000 za Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiteso na Kilugbara, kila moja ikiwa sambamba na Kiingereza chake. Mei 2022 Kiganda kikaingia Google Translate. Ni kazi kubwa, na wengi walioifanya hawatatajwa popote.

Lakini jaribu kuzisikiliza sauti za aina hiyo. Mtu ameandikiwa sentensi, anaisoma. Anayesoma husikika kuwa anasoma, kwa Kiganda, kwa Kiswahili, hata kwa Kiarabu. Na hizo ndizo sauti zinazofundishwa mashine, ndiyo maana komando wetu, risasi zinamkosakosa, anasema kama mtu anayetangaza mabadiliko ya ratiba ya treni. Wakati huohuo, kwenye diski kuukuu na flashi za Katwe na Kisenyi, mitaa ya Kampala, kumelala miongo ya Kiganda kinachopiga kelele, kinachonong'ona, kinacholia, kinachotongoza, kinachotishia, kinachouza. Sidhani kama ipo hazina nyingine ya Kiganda cha mdomo inayoikaribia.

Mtu angeuliza basi kwa nini isitumike. Jibu ni sheria. Chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, kutafsiri kazi ya mtu kunataka ruhusa ya mwenye kazi, na VJ hakuwahi kumwandikia barua mtu yeyote wa Hollywood. Sauti yake imepandwa kwenye shamba la wizi. Mtafiti mwadilifu hawezi kuigusa. Asiye mwadilifu anaweza, na sina haja ya kueleza nani kati ya hao wawili ana kompyuta kubwa zaidi. Naona uwezekano wa ajabu, kwamba siku moja programu kutoka mbali itatuuzia sauti ya VJ iliyojifunza kwa VJ, naye VJ asidai hata senti, kwa sababu akisimama mahakamani kitu cha kwanza atakachoulizwa ni filamu zile alizitoa wapi. Watengenezaji wa hapa, ambao filamu zao ziliuzwa mlango kwa mlango na kunakiliwa kabla wino wa kasha haujakauka, watamwonea huruma kidogo tu. Na wao nawaelewa.

Nimeanza na Kiswahili, nimemalizia kwa Kiganda. Mganda wa kawaida angesema ndivyo inavyotakiwa. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima kwenye shule za msingi na sekondari. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Idi Amin alikuwa ameshakitangaza kuwa lugha ya taifa, na sifa za huyo aliyekitangaza zikakiponza. Kwa miaka 20, toka 2005 mpaka mwisho wa Machi 2025, neno la Kiswahili lililoingia nyumba nyingi zaidi za Uganda lilikuwa jina la kampuni kwenye bili: Umeme. Ukimwuliza mwanafunzi wa Kampala leo Kiswahili atakisikia wapi nje ya darasa, atafikiri kidogo, kisha atakutajia askari wa kizuizi cha barabarani na nyimbo za bongofleva.

Nami nilikuwa nafikiri hivyo, mpaka nilipokwenda Katwe kuitafuta ile filamu ya komando nzima, maana dakika tatu za simu zilikuwa zimetutia hamu. Nilikwenda laibrari. Ndivyo tunavyoyaita haya maduka ya kunakili filamu, ingawa ndani hamna kitabu hata kimoja. Kuna kompyuta, feni, na kijana ambaye hakutoa macho kwenye skrini.

“Hiyo ninayo ya Kiganda, ssebo.”

“Ya Kiswahili je?”

Akageuka. “Za Kiswahili nina za DJ Afro, zile za Kenya. Nina na za Tanzania. Lakini hiyo unayotaka iko ya Mkongo.”

“Mkongo gani?”

“Yuko Nsambya. Anajirekodi mwenyewe chumbani usiku, magari yakinyamaza. Alikuja baada ya Bukavu kuchukuliwa na waasi, ile Februari ya 2025. Ananiletea kwa flashi.”

“Na wateja?”

“Wengi wako Nakivale, ssebo. Kambini. Wananitumia hela kwa simu, naweka filamu kwa flashi, naipa dereva wa basi la Mbarara.”

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na Wakongo ni kundi kubwa miongoni mwao. Nilikuwa naijua hesabu hiyo kama ninavyojua hesabu za bajeti, bila kuiona uso. Kumbe wakati kamati zinajadili mtaala, vitabu na walimu watatoka wapi, soko la filamu kwa Kiswahili limeshaanzishwa na mtu anayesubiri magari yanyamaze. Nikalipa shilingi 1,000.

Jioni tukaiweka kwenye televisheni. Mpwa wangu alikaa mkao wa kucheka, amejiandaa. Sauti ilikuwa na mwangwi wa chumba kisicho na vitu vingi, na mara moja kwa mbali mbwa alibweka ambaye hakuwa wa filamu. Kiswahili chake mtoto alikionea tabu mwanzoni. “Angaliya aba batu,” alisema yule bwana, “banakuya na ile mulango ya nyuma.” Mpwa wangu akacheka “banakuya”, akairudia mara tatu. Kisha akautazama mlango wa nyuma, nami nikautazama, na kweli wale watu wakaja.

Tukafika kwa komando. Jasho, risasi, uso umegeukia kwa mwenzake. Msimulizi akaongeza mwendo wa sauti.

“Ye anasema: mi nakimbiya, we piga, piga tu, usiache!” Komando akachomoka. Skrini nzima ikawa vumbi. Na huku mtu anakimbia, msimulizi akashusha sauti, kama aliyesahau kwamba maiki iko wazi: “Anakimbiya sawa vile tulikimbiaka ku Bukavu.”

Filamu ikaendelea. Mpwa wangu hakucheka.

“Mjomba, Bukavu ni wapi?”

Nikasimamisha filamu, nikafungua ramani kwenye simu, nikamwonyesha ziwa, mpaka, mji. Akaweka kidole gumba Bukavu na cha shahada Kampala, akaangalia mwanya uliokuwa katikati. Halafu akaniomba rimoti, akairudisha filamu nyuma mpaka pale komando anapogeuka.